Gesi Haiishi: Niliyojifunza kwa Kuwapokea Vijana wa Fildi

"Dada fundi, gesi imekwisha."

Kijana wa Makunduchi aliniambia hivyo siku yake ya pili kazini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya nje ya kiyoyozi, nyuma ya jengo la dobi, geji ya kupimia gesi mkononi, uso umekunjuka kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Nikamwomba anioneshe gesi hiyo imekwenda wapi. Akanitazama. Nikamwambia gesi ya kiyoyozi si mafuta ya taa, haichomwi ikaisha. Inazunguka humo humo ndani ya paipu za shaba, miaka nenda miaka rudi. Ukiiona imepungua, ujue pana mahali inavuja. Tukakoroga sabuni ya unga na maji kwenye kopo la maziwa, tukapaka kwa brashi kwenye nati za kuunganishia paipu, tukakaa kimya. Nati ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, pakaanza kutoka povu dogo dogo, moja baada ya jingine, kama mate ya mtoto mchanga. Kijana akasema taratibu, "Kumbe."

Kile "kumbe" ndicho ninachokitafuta kwa kila kijana anayeletwa kwangu hotelini kwa fildi, yaani kujifunza kazi kwa vitendo.

Maneno ya gesi kwisha mimi niliyasikia kwanza nyumbani. Kwetu ni Wete, Pemba. Umeme wa kutegemewa ulitufikia mwaka 2010, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya Wesha, na usiku mwingi tuliumalizia kwa kibatari. Mama alipoona umeme umetulia, alitoa akiba yake ya karafuu akanunua friji iliyotumika, akawa anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa skuli. Friji ile haikuwa na siku nyingi ikaacha kugandisha. Fundi wa mtaani alikuja, akasema gesi imekwisha, akatia, akachukua chake. Miezi miwili mitatu, barafu zikageuka juisi. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilikaa pembeni yake nikamuuliza ile aliyotia mara ya pili imekwenda wapi. Akanijibu kwamba hayo si mambo ya mtoto wa kike.

Sikumjibu, ni mkubwa wangu. Lakini nilipomaliza kidato cha nne nilijua nakwenda kusoma nini.

Baba hakukataa wala hakukubali, alinyamaza, na kwa baba yangu kunyamaza ni ruhusa. Nikajiunga na mafunzo ya amali, upande wa mafriji na viyoyozi. Chuo kilinipa msingi ambao mpaka leo nausimamia: kusoma mchoro wa umeme, kukata na kupanua paipu ya shaba, kulehemu bila kuitoboa. Ila tulikuwa wanafunzi zaidi ya ishirini kwa viyoyozi viwili, vyote vya zamani, vya gesi ya R22. Na R22 wakati huo ilikuwa imeshawekwa kwenye njia ya kuondoka. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za aina hiyo kwa asilimia 10 ifikapo 2015, asilimia 35 ifikapo 2020, na kuzidi kupunguza hadi 2030, kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Mahotelini kulikuwa kumeshajaa mashine za inveta, zinazobadili mwendo wake kulingana na joto, za gesi ya R410A, na nyuma yake ikaja R32, ambayo inaweza kushika moto ukiichezea. Mwalimu wetu alituchorea mashine hizo ubaoni kwa chaki. Simlaumu hata kidogo. Alifundisha kwa alichokuwa nacho, na alichora vizuri.

Ndiyo maana nasema chuo na kampuni vinahitajiana kwa haki, si kwa hisani. Chuo kina mwalimu, muda na mtaala. Kampuni ina mashine ya leo, ina mteja anayelalamika saa nane za usiku, ina chumvi ya bahari inayokula alumini. Kijana akikosa upande mmoja anatoka nusu.

Hoteli ya kwanza iliyonipokea kwa mafunzo sitaitaja. Siku ya mapokezi ilikuwa ya shangwe. Mabango, fulana zenye nembo, maji ya chupa, hundi ya kadibodi kubwa kama mlango iliyoshikwa na watu watano wakitabasamu. Tulikuwa vijana sita. Kesho yake asubuhi tulipofika idara ya ufundi, mkuu wa idara alikuwa hana habari kama tunakuja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafundi wanne na vyumba visivyopungua themanini, na simu mkononi haikunyamaza. Alitutazama tulivyojipanga, akatugawa haraka haraka, mimi nikapangiwa stoo kuhesabu balbu.

Nilihesabu balbu wiki tatu. Baadaye nikapandishwa cheo, nikawa nabeba ngazi. Kwa miezi mitatu geji niliishika mara mbili, zote mbili nikimshikilia fundi ajifute jasho. Mwisho nikapewa cheti kilichoandikwa kwamba nimehitimu mafunzo kwa vitendo. Kati yetu sita tulimaliza wawili. Wale wanne walisemwa kuwa vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi niliwajua. Mmoja alikuwa anatoka Mwera, mwengine Fuoni, kila siku gari mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli ilipowaishia walianza kukopa, mikopo ilipokwisha wakaona haya kusema, wakaacha kuja. Hakuna aliyewapigia simu kuwauliza. Hundi ile ya kadibodi ilikuwa na sufuri nyingi, na ndani yake hakukuwa na nauli.

Nimefikiri sana juu ya mapatano yale ya hoteli na chuo. Waliokaa mezani walikuwa meneja mkuu, mtu wa masoko na mtu wa chuo. Mkuu wa ufundi, ambaye ndiye angetufundisha, hakuitwa. Hakupunguziwa kazi hata moja. Aliongezewa watu sita wasiojua kitu, halafu akaachwa atafute mwenyewe wapi awaweke. Mtu akiwa na vyumba themanini, mwanafunzi kwake ni kizuizi, na stoo ni mahali pazuri pa kuweka kizuizi.

Bahati yangu ilikuja mwaka uliofuata, kwa kampuni ndogo ya mjini iliyokuwa na mikataba ya matengenezo na mahoteli kadhaa. Ofisi yao chumba kimoja, na baraza. Nilikabidhiwa kwa mzee mmoja mwembamba, mkimya, aliyekuwa akivaa kofia ya kiua hata juu ya paa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Unaogopa nini katika kazi hii?" Nikasema naogopa umeme. Akasema, "Vyema. Usije ukaacha."

Siku hiyo hiyo alinifundisha jambo ambalo mpaka leo ndilo la kwanza kumfundisha kijana yeyote. Alizima swichi kubwa, akafungua kifuniko cha mashine ya nje, akanionesha kapasita, kikopo kidogo cha rangi ya fedha. Akaniuliza kama naweza kukishika, umeme si umezimwa? Nikanyoosha mkono. Akaudaka mkono wangu hewani. Akachukua kipande cha waya chenye rezista, kidude cha kupunguza nguvu ya umeme, alichokitengeneza mwenyewe, akagusisha miguu miwili ya kapasita, akahesabu mpaka kumi, kisha akapima kwa mita na kunionesha sufuri. "Umeme ukizimwa, huyu bado anakumbuka," aliniambia. "Msahaulishe kwanza." Kapasita huhifadhi umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Jioni, kabla ya magharibi, alinikalisha barazani na daftari. Kila mashine tuliyoigusa niiandike kwa safu tatu: ilivyolalamikiwa, nilivyodhani, ilivyokuwa. Safu ya pili ndiyo aliyoisoma kwa makini. Nikiandika "nilidhani gesi imepungua" na ya tatu "chujio limejaa vumbi", hanicheki wala hanigombezi, anauliza tu, "Nini kilikudanganya?" Daftari zile ninazo, nne, zimechakaa ukingoni kwa mafuta na jasho. Mwezi wa kwanza safu ya pili na ya tatu hazikukutana hata siku moja. Mwezi wa sita zikawa zinafanana siku nyingi kuliko zisipofanana.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kilichokuwa nyuma ya baraza ile. Mwenye kampuni alikuwa amempunguzia mzee kazi moja kwa siku. Saa ya jioni ilikuwa ndani ya mshahara wake. Hakikuwepo chumba cha mafunzo wala bango, ila palikuwa na saa moja ya mtu anayejua kazi, na saa hiyo imelipiwa. Naamini kabisa kuwa hicho ndicho kitu ghali kuliko vyote ambacho kampuni inaweza kumpa kijana, na ndicho ambacho sikukiona kwenye picha ya hundi yoyote.

Mwaka 2020 ndege za wageni zilipokatika, kampuni ile haikuwa na cha kututilia mdomoni. Tuliagana kwa heri. Nilirudi Wete miezi michache, nikatengeneza mafriji ya watu kwa bei ya jirani. Ya mama niliifungua siku ya kwanza. Ilikuwa inavuja kwenye kona nyuma, penye kutu, kitobo ambacho ungehitaji kukodoa macho kukiona. Nikakiziba, nikaitoa hewa yote kwa pampu, nikatia gesi kwa mizani, si kwa kubahatisha. Inagandisha mpaka leo.

Mahoteli yalipofunguliwa tena, mashine zilizokaa zimezimwa kando ya bahari zilikuwa zimeoza. Pwani ya kusini mashariki, kuanzia Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, wakati wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja na kubeba chumvi mpaka kwenye mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya mashine ya nje. Usipoosha kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki chache, mapezi yanageuka unga mweupe, unayagusa yanabomoka kama mkate mkavu. Kazi zikawa nyingi, nikaajiriwa na hoteli moja upande huo, na baada ya miaka miwili nikapewa kusimamia viyoyozi na vyumba vya baridi. Hapo ndipo uongozi uliponiita kuniambia kuwa tumeingia makubaliano na chuo, tunaleta vijana, tafadhali niandae mapokezi.

Niliuliza maswali matatu. Nani atawafundisha, na atapunguziwa kazi gani? Nauli na chakula vya kijana vinatoka kwenye kasma ipi? Akiumia, nani anampeleka hospitali na nani analipa? Swali la tatu halikutoka hewani. Nilikuwa na habari ya kijana aliyepigwa na kapasita katika hoteli nyengine, akaanguka kwenye ngazi, akavunjika mkono, na kwa siku mbili chuo kikasema ni wa hoteli, hoteli ikasema ni wa chuo. Alipona, alhamdulillahi. Lakini hakurudi kwenye fani.

Jibu la swali la tatu lilipatikana haraka, likaandikwa kwenye mkataba. La pili lilichukua mwezi mzima. La kwanza linahitaji kupiganiwa kila msimu upya.

Nami nilikosea, na kosa langu lilikuwa kubwa. Mwaka wa kwanza uongozi ulitaka idadi nzuri ya kuonesha, nikakubali vijana kumi. Nilidhani moyo wangu utatosha kwa wote. Kufika wiki ya tatu nikajiona nawapangia watano stoo. Nilisimama mlangoni nikamwona binti mmoja anahesabu balbu, ameinamisha kichwa, na nilijiona mwenyewe. Usiku ule sikulala. Tangu hapo napokea wanne tu kwa awamu, wawili kwa kila fundi, na fundi huyo anatolewa kwenye zamu ya usiku kwa muda wote wa mafunzo. Mwenye kampuni anayetaka idadi kubwa na aajiri wasimamizi zaidi.

Kuhusu mabinti nina la kusema zaidi, kwa sababu wengi hufikiri kizuizi ni wazazi. Nilipata fursa ya kwenda Konde, Pemba, kuonana na baba wa msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao. Baba alimkatalia kuja Unguja. Tulikaa ukumbini, tukanywa chai ya rangi kwa mkate wa kumimina, na mzee akauliza mambo yake kwa mpango. Atalala wapi? Atarudi saa ngapi? Pana ulevi? Ataswali wapi? Atavaa nini juu ya ngazi? Sikuona kosa katika swali hata moja. Ni maswali ya mtu anayemkabidhi mwanawe kwa watu asiowajua. Na nililiona wazi tatizo: hakuna aliyewahi kumpelekea majibu. Barua ya chuo ilimwambia tarehe ya kuripoti, basi.

Nikamjibu moja moja. Kuna dakhalia ya wafanyakazi wa kike na mama mlezi wake. Zamu ya mwanafunzi inakwisha saa kumi. Karakana iko mbali na baa, nyuma kabisa, karibu na kisima. Chumba cha kuswalia kipo. Anavaa suruali ya kazi na koti refu, mtandio umefungwa na kuchomekwa ndani ili usinaswe na feni, kama nilivyovaa mimi. Nikamwonesha picha yangu juu ya paa. Mzee aliitazama muda mrefu, kisha akamwita mkewe aje aione. Wiki mbili baadaye walikuja wote wawili kwa boti kutoka Mkoani, nauli ililipwa na hoteli, wakatembezwa mpaka jikoni. Nauli ya wazazi wawili ni pesa ndogo kuliko bango moja. Binti yule sasa ni fundi, na mdogo wake ameomba kuja.

Kuna msaada mwengine ambao karibu kila hoteli inao na haiutoi. Ni mashine mbovu. Kila mwaka tunatupa viyoyozi vilivyokufa kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, au kuoza mapezi, vinauzwa kwa wenye kununua vyuma chakavu. Siku moja nilimwomba meneja aniachie sita. Tukazitoa gesi kwa utaratibu, bila kuiachia hewani, tukazipakia kwenye kenta mpaka chuoni. Mwalimu alipoona mashine ya inveta kwa mara ya kwanza ndani ya karakana yake, alizunguka mara mbili bila kusema kitu, halafu akaomba bisibisi. Mashine iliyokufa ni mwalimu mzuri, maana kijana anaifungua bila hofu ya kuiharibu. Mwaka huu wanafunzi wanaokuja kwangu kutoka chuo kile wameshaijua bodi ya inveta kabla hawajafika, na wiki mbili za mwanzo nilizokuwa nazipoteza nimezirudisha.

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Kila mmoja alilala kwenye chumba, na vyumba vingi vina kiyoyozi. Kazi ipo, imejaa. Ninaposikia meneja anasema analeta fundi kutoka mbali kwa sababu vijana wa hapa hawajui, naumia, kwa kuwa najua safari ya kumfikisha kijana wa hapa kwenye kujua ni ya miezi sita, na muda wa saa moja kila jioni. Na ninaposikia kampuni imeongeza fedha za mafunzo mwaka huu kwa sababu za mwaka jana hazikuleta mafundi, namkumbuka yule fundi wa mama na mtungi wake. Kwanza papakwe sabuni. Tazama kijana anapotelea wapi: kwenye gari ya asubuhi, kwenye chakula cha mchana, kwenye swali la baba yake lisilojibiwa, kwenye stoo ya balbu. Sisi tulipopaka, povu kubwa lilitoka kwenye nauli.

Yule kijana wa Makunduchi aliikaza nati yake siku ile, tukajaza hewa ya naitrojeni, tukaiacha usiku kucha kuona kama geji itashuka. Asubuhi alifika kabla yangu. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya geji, hajaigusa, ananisubiri nije nione mwenyewe kuwa sindano iko pale pale tulipoiacha. Katika daftari lake, safu ya pili aliandika "gesi imekwisha" na hakuifuta.

Jumatatu wanaingia wanne wapya, wawili wa Pemba na wawili wa huku, mmoja wao binti. Viatu vya usalama nimeviweka tayari kwa namba zao, na daftari nne. Fomu ya nauli ya mwezi wa kwanza bado iko mezani kwa mhasibu haijasainiwa, nimeshampigia mara mbili leo. Kesho naanza nayo kabla ya kitu kingine chochote.